Racket, Lua au Pharo: Lugha ipi isiyo maarufu ya kumfundishia anayeanza kuandika programu?

Mwalimu anayeamua kuwafundisha wanaoanza kwa lugha ya programu isiyojulikana na wengi huwa na sababu zake nzuri, lakini kwa uamuzi huo huo anawanyima wanafunzi wake msaada mmoja mkubwa. Mwanafunzi wa Python au JavaScript akikwama usiku akiwa peke yake, hunakili ujumbe wa hitilafu, huubandika kwenye kisanduku cha kutafutia, na kukuta watu wengi waliowahi kukwama palepale. Mwanafunzi wa lugha ndogo hupata majibu machache, na mengi yao yameandikwa na wataalamu kwa ajili ya wataalamu wenzao. Kwa sababu hiyo ulinganisho huu unalipa nafasi kubwa swali ambalo kwa kawaida hupitiwa juu juu: programu ya mwanafunzi inapoharibika, anaona nini mbele yake, na anaweza kufanya nini kabla mwalimu hajafika?

Lugha zinazolinganishwa ni Racket, Lua na Pharo. Zote zinapatikana bila malipo, msimbo wake uko wazi, na zinafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux.

Vigezo

Kigezo cha kwanza ni mwanzo, yaani hatua zilizopo kati ya kupakua na kuona jibu la kwanza kwenye skrini. Cha pili ni sintaksia: kanuni za uandishi ambazo mwanafunzi hana budi kuzishika kabla hajaanza kulifikiria tatizo lenyewe. Cha tatu, na hiki ndicho nilichokipa uzito kuliko vingine, ni hitilafu. Cha nne ni mazoea ya kufikiri ambayo lugha inayajenga, na cha tano ni nyenzo za kujisomea pamoja na wepesi wa kuhamia lugha nyingine baadaye.

Kasi ya lugha haimo, kwa sababu programu za anayeanza ni ndogo mno kiasi kwamba tofauti haionekani. Nafasi za ajira hazimo pia. Anayehitaji lugha ya kumpatia kazi ndani ya muda mfupi hana sababu ya kuanza na yoyote kati ya hizi tatu, na ni haki yake aambiwe hivyo siku ya kwanza.

Zilikotoka

Asili ya kila lugha inaeleza mengi kuhusu tabia yake darasani. Racket ilianza mwaka 1995 kwa jina la PLT Scheme, ukiwa ni mradi wa Matthias Felleisen na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, na ikabadilishwa jina mwaka 2010. Kufundisha kulikuwa miongoni mwa malengo yake tangu mwanzo, na ndiyo maana kihariri chake, DrRacket, kina lugha ndogo tano za wanafunzi zilizopangwa kwa ngazi: ya kwanza ina vitu vichache tu, na kila inayofuata inaongeza kidogo.

Lua ilibuniwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, Brazil, na Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes. Haikukusudiwa wanafunzi. Ilitokana na kazi zilizofanywa kwa ajili ya kampuni ya mafuta ya Petrobras, ambako wahandisi wasio waandishi wa programu walihitaji njia nyepesi ya kuelekeza programu kubwa zilizoandikwa na wengine. Wepesi huo ndio ulioifikisha ndani ya gemu kama World of Warcraft, na Roblox inatumia lahaja yake iitwayo Luau.

Pharo ilichipuka mwaka 2008 kutoka Squeak, ambayo nayo ni mzao wa Smalltalk iliyobuniwa katika maabara ya Xerox PARC miaka ya 1970 na Alan Kay, Dan Ingalls, Adele Goldberg na wenzao. Watoto walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufundishwa Smalltalk, ingawa Pharo ya leo imejengwa zaidi kwa ajili ya watu wazima wanaofanya kazi za kitaalamu.

Mwanzo

Racket inahitaji kupakua kifurushi kimoja tu, nacho kinaleta kihariri, lugha na maelezo yake kwa pamoja. Mwanafunzi hufungua DrRacket, huchagua ngazi yake kwenye menyu, huandika, kisha hubonyeza kitufe cha kuendesha. Mwalimu asisitize hatua ya kuchagua ngazi, kwa kuwa anayeiruka hujikuta ndani ya Racket kamili. Kihariri hiki ni kizito kidogo kwa kompyuta za zamani.

Lua yenyewe ni ndogo ajabu. Programu nzima ya kuiendesha haifiki megabaiti moja. Hata hivyo tovuti yake rasmi inatoa msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu ambayo bado hayajageuzwa kuwa programu ya kuendeshwa, na anayeanza hajui la kufanya na msimbo chanzo, hivyo walimu wengi huingilia mlango mwingine, kwa mfano LÖVE, ambayo ni mazingira ya kutengenezea gemu. Hapo mwanafunzi huandika faili moja iitwayo main.lua, huiweka ndani ya folda, kisha huiburuta folda hiyo hadi kwenye ikoni ya LÖVE, na dirisha linafunguka. Pana mtego wa matoleo: LÖVE hutumia LuaJIT, inayofuata Lua 5.1, wakati mafunzo mengi mapya yanazungumzia 5.3 au 5.4. Mwanafunzi anayeandika print(10/2) ataona 5 kwenye toleo la zamani na 5.0 kwenye matoleo mapya, kwa sababu namba kamili zilitenganishwa na desimali kuanzia 5.3. Mwalimu achague toleo moja na alitaje kwenye kila karatasi ya zoezi.

Pharo hupakuliwa kwa urahisi vilevile, lakini kinachofunguka si kihariri cha kawaida. Ni ulimwengu kamili wenye madirisha yake, ambamo msimbo, vitu vilivyoundwa na zana zote huhifadhiwa pamoja katika faili moja kubwa. Mwanafunzi aliyezoea kuandika kisha kuhifadhi faili yake atahitaji muda wa kuelewa kazi yake iko wapi, na somo la kwanza zima linaweza kuishia hapo.

Sintaksia

Chukua hesabu moja, 3 + 4 × 2. Kwenye Lua mwanafunzi huandika 3 + 4 * 2 na kupata 11, kama alivyofundishwa katika hisabati. Kwenye Racket huandika (+ 3 (* 4 2)): alama ya hesabu inatangulia na mabano yanaonyesha kipi kifanyike kwanza, kwa hiyo hakuna kanuni ya utangulizi ya kukariri, ila pana mabano mengi ambayo jicho huchukua muda kuyazoea. Kwenye Pharo, 3 + 4 * 2 hutoa 14. Si hitilafu. Kila alama ni ujumbe unaotumwa kwa kitu kilicho kushoto kwake, na ujumbe wa aina hii husomwa kutoka kushoto kwenda kulia bila upendeleo. Anayetaka 11 aweke mabano mwenyewe. Mwanafunzi aliyeelezwa sababu hii mapema huichukua kama kanuni, na asiyeelezwa huanza kuitilia shaka lugha nzima.

Kwa idadi ya kanuni, Pharo ndiyo ndogo kuliko zote: ina maneno sita tu yaliyotengwa (yaani ambayo lugha imejiwekea na mwanafunzi hawezi kuyatumia kama majina yake), na hata sharti si neno maalumu bali ni ujumbe unaotumwa kwa kweli au uongo. Lua 5.4 ina maneno 22 yaliyotengwa, na sura yake inafanana na lugha nyingi zinazotumika sana. Racket ina karibu umbo moja tu, lile la mabano, linalorudiwa kwa kila kitu.

Hitilafu

Nimechagua hitilafu tatu ambazo kila anayeanza huzifanya, ili zitazamwe kwa kila lugha.

Ya kwanza ni jina lililokosewa herufi. Mwanafunzi ametangaza jumla, kisha chini akaandika jumal. Kwenye ngazi ya kwanza ya Racket, akibonyeza kuendesha, anaambiwa kwamba kibadilika hicho (jina linalobeba thamani) hakijatangazwa na neno lenyewe linapakwa rangi palepale lilipo. Pharo humsimamisha mapema zaidi: anapojaribu kuhifadhi kipande chenye jina lisilojulikana, mfumo unamuuliza anamaanisha nini. Lua hainung'uniki. Jina lisilojulikana lina thamani ya nil, yaani hakuna kitu, na mwanafunzi akiagiza lichapishwe, nil ndiyo itakayochapishwa, naye atabaki akijiuliza jumla yake imekwenda wapi. Lua hulalamika pale tu nil hiyo inapoingizwa kwenye hesabu, na hapo, kusema haki, ujumbe wake ni mzuri, maana unataja faili, mstari na jina lenyewe.

Udhaifu huu wa Lua una tiba ambayo mwalimu anaweza kuiweka juu kabisa ya faili la kila mwanafunzi:

setmetatable(_G, {__index = function(_, jina)
  error("Jina halijulikani: " .. jina, 2)
end})

Kuanzia hapo kila jina lisilotangazwa linasimamisha programu, na ujumbe unaotokea umeandikwa kwa Kiswahili. Hilo la mwisho si dogo, kwa sababu lugha zote tatu zinakubali majina ya Kiswahili kwa vibadilika na funksheni (vipande vya msimbo vyenye jina vinavyopokea thamani na kurudisha jibu) lakini hutoa ujumbe wa hitilafu kwa Kiingereza, na mwanafunzi ambaye Kiingereza chake bado kichanga hupambana na mambo mawili kwa wakati mmoja.

Ya pili ni wastani wa orodha tupu. Mwanafunzi ameandika funksheni inayojumlisha na kugawanya kwa idadi, kisha akaipa orodha isiyo na kitu, hivyo sifuri inagawanywa kwa sifuri. Racket husimama, husema kwamba mgawanyo kwa sifuri hauwezekani, na huonyesha mahali ulipotokea. Pharo husimama pia na kufungua dirisha la kuchunguzia hitilafu. Lua huendelea mbele ikiwa imebeba thamani iitwayo nan, yaani kitu kisicho namba, na thamani hiyo huambukiza kila hesabu inayoigusa, kiasi kwamba mwanafunzi anaiona mwishoni kabisa, mbali na ilikozaliwa. Siihesabu tabia hii kuwa kasoro ya Lua, kwani ndivyo namba za desimali zilivyo kwenye lugha nyingi. Ila kwa anayeanza, umbali kati ya kosa na dalili yake ndio unaokatisha tamaa.

Ya tatu ni kukosea umbo. Mwanafunzi wa Racket aliyezoea hisabati huandika (3 + 4). Ngazi ya kwanza humwambia kwa lugha nyepesi kwamba baada ya mabano ya kufungua ilitarajiwa funksheni lakini imekutwa namba. Racket kamili, kwa kosa lilelile, hutoa ujumbe kuhusu kitu kisicho "prosija" kinachotumiwa kwa hoja, maneno ambayo mtu wa siku ya tatu hawezi kuyafanyia kitu. Tofauti hiyo kati ya ujumbe mmoja na mwingine ndiyo sababu hasa ya kuwapo kwa lugha ndogo za wanafunzi, na kwa maoni yangu ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote kwa upande wa Racket.

Pharo ina jibu la aina nyingine. Mwanafunzi akituma ujumbe ambao kitu hakiujui, dirisha la kuchunguzia hufunguka likiwa na kitufe cha kuunda methodi inayokosekana, yaani msimbo wa kuujibu ujumbe huo. Anaweza kuiandika humo humo, programu ikiwa imesimama katikati na thamani zote zikiwa mbele ya macho yake, kisha akairuhusu iendelee kutoka ilipoishia. Mwanafunzi anayeelekezwa vizuri hujifunza hapo kwamba hitilafu ni mahali pa kufanyia kazi. Asiyeelekezwa huona orodha ndefu ya majina ya ndani ya mfumo ambayo hakuyaandika, na hufunga dirisha kwa hofu. Sijaona zana nyingine miongoni mwa hizi ambayo ubora wake unategemea uwepo wa mwalimu kiasi hiki.

Mazoea ya kufikiri

Ngazi za mwanzo za Racket hazina vitanzi (amri za kurudia hatua) na hazina kubadilisha thamani ya kibadilika. Mwanafunzi huandika funksheni ndogo, na kabla ya kuandika mwili wake huandika mifano ya majibu anayoyatarajia kwa kutumia check-expect, ambayo DrRacket huikagua yenyewe kila anapoendesha. Yapo mambo mawili zaidi ambayo walimu wa hisabati huyapenda. Kitufe cha hatua huonyesha usemi ukirahisishwa mstari kwa mstari hadi jibu, jinsi inavyofanyika ubaoni katika aljebra. Na katika ngazi hizi 0.1 ikijumlishwa na 0.2 ni 0.3 kamili, kwa sababu desimali hutunzwa kama sehemu halisi. Gharama yake ni kwamba aliyekuja akitaka kuona vitu vikisogea ataona mwendo ni wa taratibu, ingawa picha na mwondoko vimo.

Lua hujenga mazoea ya kuamuru hatua kwa hatua: weka thamani, ibadilishe, rudia. Muundo wa data ni mmoja tu, jedwali, linalotumika kama orodha na pia kama kamusi. Kwa kuanzia hiyo ni nafuu kubwa. Baadaye ni mzigo kidogo, kwani mwanafunzi hajui ni lini jedwali lake ni orodha, na urefu unaohesabiwa kwa alama ya # haubashiriki iwapo orodha ina matundu katikati. Pamoja na LÖVE, duara linalosogea kwenye skrini huhitaji mistari michache tu, na motisha inayotokana na jambo hilo kwa vijana haipaswi kubezwa.

Pharo hufundisha kwamba kila kitu ni objekti inayopokea ujumbe, pamoja na namba na hata msimbo wenyewe. Dhana hiyo, ambayo kwenye lugha nyingine hufikiwa baada ya sura nyingi na kwa maneno mengi, hapa ipo tangu dakika ya kwanza, na mwanafunzi anaweza kufungua kitu chochote na kukiangalia ndani kikiwa hai.

Nyenzo na kuhamia kwingine

Racket ina kitabu kamili cha kufundishia kilichoandikwa na waanzilishi wake, kinachosomeka bure mtandaoni, na toleo lake la pili ni la mwaka 2018. Mazoezi yake yanaendana ngazi kwa ngazi na lugha za wanafunzi. Lua ina mwongozo rasmi mfupi na wa wazi, lakini umeandikwa kwa mtu anayejua tayari. Toleo la kwanza la kitabu cha mbunifu wake mkuu ni bure pia, ila linahusu Lua 5.0. Wingi wa nyenzo za Lua uko kwa watengenezaji wa gemu, na ubora wake unatofautiana sana. Pharo ina vitabu vya bure na kozi ya bure ya mtandaoni kutoka taasisi ya Inria ya Ufaransa.

Kuhama ni rahisi zaidi kutoka Lua, kwa kuwa Python na JavaScript zinafanana nayo kwa mpangilio, ingawa mwanafunzi atalazimika kuanza kuhesabu orodha kutoka sifuri badala ya moja. Anayetoka Racket hubeba nidhamu ya kupanga funksheni na kuandika majaribio, lakini vitanzi na thamani zinazobadilika vitakuwa vigeni kwake. Anayetoka Pharo ataielewa Ruby haraka, kwani imeazima mengi kutoka Smalltalk. Ila kazi za faili, folda na dirisha la amri atazianza upya.

Kuchagua kwa kutazama hali

Ukiwa na darasa kubwa ambalo huwezi kumfikia kila mmoja, au mwanafunzi anayejisomea peke yake na yuko tayari kufuata kitabu kwa mpangilio, Racket inafaa zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ya kueleza makosa imeshafanywa na waliobuni ngazi zake. Inafaa pia pale ambapo somo linaambatana na hisabati.

Ukiwa na vijana waliokuja kwa hamu ya kutengeneza gemu, kompyuta za zamani, au muda mfupi ambao matokeo lazima yaonekane, Lua ina faida ya wazi. Sharti ni kwamba mwalimu aweke ile mistari ya kuzuia majina yasiyotangazwa, ashikilie toleo moja, na aanze na local, neno la kutangazia kibadilika kinachojulikana ndani ya sehemu yake tu, katika kila mfano anaouandika ubaoni.

Ukiwa na kikundi kidogo, muda wa kutosha, na mwalimu anayeijua Pharo kwa vidole vyake, chagua Pharo, hasa kwa watu wazima wanaotaka kuelewa objekti kwa undani. Bila mwalimu wa namna hiyo, ni afadhali isubiri.

Kwa anayesitasita bado kuna jaribio linaloweza kufanyika jioni moja. Chukua zoezi moja la wiki ya pili, liandike kwa lugha unazozifikiria, kisha liharibu kwa makusudi: kosea jina, acha mabano wazi, ipe orodha tupu. Soma kila kinachotokea kwenye skrini kwa sauti, kama vile unamweleza mwanafunzi ambaye hajawahi kuandika programu. Lugha ambayo maelezo yako yanatoka bila kukwama ndiyo unayoweza kuifundisha kwa sasa, hata kama nyingine ndiyo unayoipenda.

Na ikiwa kozi itaendelezwa na mwalimu mwingine baada yako, muulize kabla hujaamua. Racket na Lua zinaweza kushikwa na mwalimu mgeni anayejisomea wiki chache kabla ya darasa. Pharo inahitaji aanze mapema zaidi, na ikiwezekana akae nawe darasani katika masomo ya kwanza ya lile dirisha la kuchunguzia hitilafu.